Bomba la Alhamisi

Mabomba mawili yanajaza tangi moja.
La kwanza peke yake huchukua saa sita,
la pili saa nne. Yakifunguliwa pamoja,
tangi litajaa kwa muda gani?

Nimelisoma mara tatu swali hili,
na mara tatu nimemuuliza aliyelitunga:
bwana, wewe unaishi wapi?
Hapa Newala bomba ni moja,
hutoa maji Alhamisi, kama mashine ya kule bondeni imeamka salama,
na kabla ya maji hutangulia upepo;
bomba linakohoa kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi,
ndipo mtaa mzima tunatoka na madumu.

Nachenga anasema ndiyo maana nakosa.
Yeye mtihani huu aliufanya, akafaulu,
akarudi na shahada ya pili na miwani.
"Wewe unamjua mno mwenye tangi," ananiambia.
"Usiulize nani kafungua, wala maji ni ya nani.
Uliza moja tu: kwa saa moja, limejaa kiasi gani?"

Kwa saa moja.
Sudusi. Robo.
Sudusi! Neno hili mara ya mwisho nililisikia
walipokuwa wakigawana mikorosho ya babu.
Naliandika nyuma ya stakabadhi ya ghalani.
Mchana napima magunia, natoa uzito wa gunia tupu
bila kushika kalamu,
na hajatokea mkulima wa kunidai hata gramu.
Usiku, mbele ya taa ya chaji,
namba zilezile zikishavaa sentensi za Kiingereza
zinanipita njiani kama ndugu aliyehamia mjini.

Wiki ya kwanza nilipata manne kati ya ishirini.
Ya pili, saba.
Ya tatu tusiiseme.

Kuna jibu la tano, lile la chini kabisa,
nalipenda kuliko inavyofaa:
Haiwezekani kujua kwa taarifa zilizotolewa.
Ada itatoka wapi? La tano.
Mama atabaki na nani mwaka na nusu? La tano.
Na mtu wa miaka thelathini na nane
ana deni gani na x, hata amtafute usiku?
Nachenga anachukua kalamu yangu, anaifunika.
"Hilo ni jibu," anasema. "Si maficho."

Leo, saa nane usiku, bomba limekohoa.
Nimeiacha tano juu ya kumi na mbili inaning'inia kwenye karatasi,
nimemkuta mama yuko foleni tangu zamani,
madumu sita kayafunga kamba moja kama mbuzi wa mnada.
Tunabeba, tunamimina, tunarudi.
"Peke yangu ningemaliza jua limetoka," anasema,
"peke yako ungemaliza adhana ikilia.
Wawili hivi, tutalala kidogo."

Nikasimama katikati ya njia, dumu kichwani,
maji yakinichuruzika shingoni:
igeuze, kumi na mbili juu ya tano!
"Saa mbili," nikasema, "na dakika ishirini na nne."

"Za nini?"
"Za pipa kujaa."
Mama akatua dumu lake, akanitazama
kama ninavyomtazama mimi anayeleta korosho mbichi.
"Na lile tundu la chini," akauliza,
"lile nililoziba kwa kitambaa, umelihesabu?"

Sijalihesabu.
Liko ukurasa unaofuata.