Kibao Namba 212

Nilifika Kalembela na pikipiki ya mradi,
kofia ngumu mapajani kama bakuli la kuombea,
mkobani fomu za fidia, wino wa dole gumba
na boksi moja la chaki.
"Mwangaluka," nikasema.
Wakaitikia wote, kisha wakatazama viatu vyangu.

Kazi yangu ina jina refu:
Afisa Mwandamizi, Mahusiano ya Jamii, Kipande cha Tabora–Kigoma.
Kwa kifupi, mimi ndiye ninayetangulia
kabla tingatinga halijakohoa.

Mhandisi kaniambia reli hii haipindi ovyo kama ile ya Mjerumani;
treni ina mbio, inataka mstari.
Na mstari umepita
katikati ya jiko la Kalunde binti Mihambo,
ukalipasua shamba la tumbaku la shemeji yake,
ukaenda zake miomboni bila kugeuka.

Utaratibu ni huu: mwenye nyumba asimame mlangoni,
ashike kibao kifuani, namba isomeke,
apigwe picha.
Yake mia mbili na kumi na mbili.
Kalunde akakitazama kibao, akanitazama mimi.
"Mwanangu wa kwanza alipigwa picha hivi hivi
gerezani, Uyui. Yeye aliiba ng'ombe.
Mimi nimeiba nini?"

Mwongozo una kurasa tisini na nne.
Nilizipekua zote usiku ule, kwa tochi.

Ngasa Malembeka, kijana, mchekaji,
ana mizinga arobaini na mmoja juu ya miti isiyo yake.
Mthamini akasema: mzinga hauna mzizi, hauna msingi,
ni mali inayohamishika. Sifuri.
Ngasa akacheka. "Sawa, mzinga nitauhamisha.
Nyuki je? Barua yao utaibandika wapi?"
Nikaliandika swali lake safu ya Mengineyo,
kwa penseli, herufi ndogo.
Makao makuu wakalirudisha: *Fafanua.*

Akahamisha mizinga usiku, kwa moshi na baiskeli,
akabakiza mmoja tu,
juu ya mninga, pale kigingi mia nne kumi na saba.
Siku kumi na moja wapimaji hawakusogea.
Ripoti ya wiki nikaijaza hivi:
*Kazi imesimama. Sababu: mwenye mali hajaridhia.*
Bosi akapiga simu. Mwenye mali ni nani?
Nikamwambia ni wengi, na wanaruka.

Usidhani nilikuwa upande wao.
Mshahara wangu huingia tarehe ishirini na tano.
Baba alikuwa mshika bendera stesheni ya Malongwe;
nimenyonya kwa mlio wa mabehewa,
ada yangu imelipwa na reli.
Naitaka hii. Nataka asali ya Ngasa
ilale Tabora, iamkie Dar.
Naitaka, na bado nikifumba macho
namsikia mthamini jikoni kwa Kalunde, akihesabu kwa sauti:
mafiga, matatu. Sifuri.

Mara ya tatu nilipokwenda
Kalunde alikuwa amekiosha kibao.
"Shika wewe kwanza."
Wanawake wakaacha kupukuchua mahindi.
Shemeji yake akaichukua simu yangu, akaigeuza huku na huku.
Nikasimama mlangoni pa nyumba isiyo yangu,
jua usoni,
sijui nitabasamu au nifunge mdomo.
"Jina lako nani vile?"
"Nyanzala."
Hakuandika jina.
Aliandika mia mbili na kumi na tatu,
akanikabidhi.

Kisha akakipokea, akakifuta kwa pindo la kanga,
akaiandika yake kwa mkono wake mwenyewe,
mbili ya mwisho ikiwa na mkia mrefu.

Picha yake iko kwenye faili, makao makuu.
Yangu ninayo mimi.
Imetikisika kidogo:
mpiga picha alikuwa anacheka.