Kipini na Mpini

Nililipwa kwa bomba, si kwa siku.
Makopo mawili kwenye mti begani, brashi moja:
kijani kwa maji ya kunywa, nyekundu kwa maji ya kufulia.
Mbele yangu Anwara wa zahanati na vichupa vyake,
akiteka, akitikisa, akifunika kwa kikaratasi
cheupe kama kucha ya mtoto.
Kikibaki cheupe, nachovya kushoto.
Kikigeuka manjano, halafu kahawia ya chai iliyolala,
kulia.

Boroipara ina mabomba sitini na moja.
Kufika adhuhuri kopo la kulia lilikuwa nusu,
tukaingia kwa shangazi Korimon.

Bomba lake nililijua kabla sijajua herufi.
Alitoa kipini cha pua, akapata mpini,
mwaka ule bwawa lilipomchukua Ripon:
Jumatano alikunywa, akicheka na bata,
Alhamisi macho yalizama,
Ijumaa tulimfunika.
Maji ya bwawa hayakawii. Yana harufu, yana viluwiluwi,
yanakwambia mapema kwamba si rafiki,
nawe una kiu, unayachuja kwa ncha ya sari,
unayanywa.

Ya bomba yalipanda baridi, maangavu,
yakiacha ladha ya msumari ulimini.
Shirin alikulia hayo. Hakuharisha hata siku moja.
Majirani walileta mitungi, shangazi hakumnyima mtu:
"Chukueni. Huko chini hakuna bata."

Kweli, huko chini hakuna bata.
Kikaratasi kiligeuka kahawia
mwadhini hajamaliza.

"Nitayachemsha," alisema.
Anwara akatikisa kichwa. Kijidudu hufa kwa moto, mama,
hii si kijidudu, ni jiwe lililoyeyuka;
ukichemsha yanapungua maji,
yenyewe imekaa.
Akataja mvua, bati safi, tangi lenye kifuniko.
Shangazi akainua macho kwenye paa lake la nyasi,
akayashusha.
Ya chupa hakuyataja mtu.

Kisha akafungua viganja.
Ngozi yake, tumesema daima, ni maji ya kunde;
sasa ina madoa kama matone ya kwanza
juu ya vumbi,
na viganjani vinundu vigumu, punje za mtama.
"Nilidhani ni mpini," alisema.

"Haya, nipigieni hesabu ninyi mliosoma.
Bwawa liliniua mtoto kwa siku mbili.
Bomba limenipa miaka kumi na tisa, leo linadai.
Yupi mwizi?"

Anwara alikuwa akifunga vichupa. Aliendelea kuvifunga.

Nikapaka. Rangi ikachuruzika hadi kwenye saruji
palipochorwa kwa kidole, zamani, ikiwa mbichi,
jina la Ripon, herufi ya mwisho imepinda.
Nikaifuta kwa shati langu. Haikutoka yote.

Bomba la kijani la karibu ni la akina Mridha,
wale wa kesi ya mpaka wa shamba;
pilau ya harusi yao hatujaila tangu nizaliwe.
Hatua mia nane. Nilizihesabu jioni ile, nyuma yake,
nimekatazwa kuugusa mtungi.
Mke wa Mridha alikuwa akiparua samaki.
Hakusalimu. Alisogeza beseni kwa mguu,
akafuta magamba mikononi,
akashika mpini, akampigia maji
mpaka mtungi ukafurika.

Nyumbani shangazi alionja, akatema mlangoni.
"Yamepooza haya. Hayana chuma."
Akatia chumvi, akakoroga kwa kidole,
akaonja tena, akakunja uso.
Shirin alicheka.
Shangazi akaifuta bilauri kwa upindo wa sari,
akaijaza, akanisukumia mimi
mwenye wekundu ungali kwenye kucha.
"Wewe uliyelipaka," alisema,
"anza."