Wa Ishirini na Nane

Walikuja alfajiri ya Januari, magari matatu meupe,
umande umeganda juu ya miba ya uzio.
Nilikuwa dirishani na kahawa yangu,
mimi niliyepiga simu.

Nasema mapema, usije ukanitafuta katikati ya beti:
mimi, Adoración, mpeleka barua mstaafu,
miaka thelathini na moja nikipita mlangoni pa Eustaquio
na bahasha za kodi, na kadi za dada yake wa Bilbao,
na mbwa wake wote wakinitukana kwa pamoja.

Nilisema nini kwenye simu? Nilisema mbavu.
Nilisema ndoo ya maji imekuwa jiwe tangu juzi.
Nilisema yupo mmoja ana kidonda shavuni,
kinanuka mpaka kwangu.
(Kunuka niliongeza. Upepo siku ile ulivuma kwenda kwake.)

Ishirini na saba waliwatoa, mmoja mmoja,
kamba shingoni, mkia katikati ya miguu,
na msichana wa serikali akiwapa namba.
Eustaquio, fulana ya ndani, mabuti bila soksi,
alimfuata nyuma akisahihisha:
"Huyo si kumi na nne. Huyo ni Cigarra.
Mshike kwa chini, bega hilo lilivunjwa na nguruwe mwitu."
Hakuna aliyeandika Cigarra.

Daktari wa serikali aliapa mahakamani:
wamekonda, wamejeruhiwa, minyororo mifupi.
Daktari wa wasasi naye akaapa:
hiki ni kiwiliwili cha kazi, mheshimiwa,
mbwa mnene hafiki nusu ya mlima,
na makovu haya ni ya meno ya nguruwe, si ya fimbo.
Kila mmoja alileta picha.
Picha zilikuwa zilezile.

Hakimu ameahirisha mara mbili.
Kila siku ya kungoja ina bei, euro sita kwa kichwa,
na deni limeandikwa jina la Eustaquio.
Ameuza trekta.
Kwenye baa kijiji kimegawanyika:
walio karibu na mashine ya kahawa wanasema katili,
walio chini ya televisheni wanasema mwenzetu,
na wote wananivutia kiti.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.
Hawakusema kile kilichomo nguoni hulalaje.

Mimi silali.
Miaka yote nililalamikia kelele;
sasa kimya chenyewe kinanibwekea.

Halafu jana, kabla ya mapambazuko, akaja mmoja.
Jike, hudhurungi, sikio la kushoto limechanika
kama bahasha iliyofunguliwa kwa kidole.
Kwenye orodha hakuwemo. Labda siku ile ya magari
alikuwa amepotea mlimani tangu mawindo ya Jumapili,
labda Eustaquio alimficha kwa mtu. Sijui.
Alizunguka banda tupu, akanusa mnyororo baada ya mnyororo,
akaramba birika kavu,
kisha akaja langoni kwangu.

Nikapiga magoti. Nikapitisha vidole ubavuni mwake
kama nilivyokuwa nikipanga barua: hii, hii, na hii.
Kumi na tatu kila upande, zote zahesabika.
Na chini ya ngozi, msuli mgumu kama tairi la baiskeli.
Njaa, au kazi?
Mkono wangu, ulioshuhudia bila kuapishwa,
haukujua.

Nilimwekea maji. Barafu niliivunja kwa kisigino.
Ng'ambo ya uzio taa ikawaka,
Eustaquio akatoka, akasimama. Hakumwita.
Jike akamtazama yeye, akanitazama mimi,
akaendelea kunywa.

Nikapaza sauti: "Anaitwaje huyu?"

Alikawia kujibu. Maji yalikuwa yamekwisha bakulini.
"Na wewe," akasema, "walipokuuliza kwenye simu,
ulimwitaje?"