Chupa ya Watoto Kumi

Guta langu linanuka dagaa, sikatai.
Nimelisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa sabuni ya unga;
harufu imekaa kwenye mbao
kama mpangaji asiyelipa na asiyehama.

Ilianza kwa Mbuke.
Alitoka Kayenze jogoo la kwanza,
mtoto mgongoni, ndala mkononi zisiishe,
akafika zahanati jua limeshapanda mawe.
Nesi Kokugonza akatazama mtoto, akatazama boksi.
"Mama, chupa ya surua ni ya watoto kumi.
Nikiifungua kwa huyu mmoja, tisa namwaga chini.
Rudi Alhamisi."
Alhamisi wakawa watatu.
Alhamisi nyingine wakawa wanne, na mvua.

Nilimkuta kando ya barabara, juu ya jiwe,
kadi ameifunga kwenye pindo la kanga kama noti.
Hakulia. Aliniuliza tu:
"Hivi dagaa wabichi wakikosa gari, wanaoza siku ya ngapi?"
Ya kwanza, nikasema. Ya pili ni kuvumiliana pua.
"Basi na mimi ninahesabu."
Akainuka, akaendelea kutembea.

Neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa ningu.

Kwanza nikajifunza kalenda.
Zahanati ina tarehe, mwalo una mwezi:
usiku wa giza karabai zinaita dagaa,
asubuhi akina mama wameinama mchangani wakianika,
nani ataacha riziki ya wiki aifuate sindano?
Nikamwambia nesi: tupangie mbalamwezi,
nyavu zikiwa zimelala na mikono ni mitupu.
Akaandika pembeni ya daftari, kwa penseli,
kama mtu anayeandika siri.

Siku ilipofika nikatandika turubai, juu yake mkeka.
Wa Mbuke, mmoja.
Mapacha wa Nyanzala, watatu. Bibi yao aligoma,
akasema hajawahi kubebwa na kitu kilichobeba samaki,
kisha akapanda, akakaa mbele kama mwenyekiti wa kijiji.
Kambini wakatoka wanne, mmoja ana magamba kwenye nywele.
Kwa fundi cherehani, wa nane.
Kilimani, wa tisa: mama yake aliteremka mawe kwa makalio,
mtoto kamkumbatia kwa mikono miwili.

Wa kumi hakuna.
Nimepiga honi kila uchochoro, injini inachemka,
jua halimngoji mtu.
Nikapita kwangu kunywa maji.
Mke wangu yupo mlangoni, Lushinge kiunoni,
miezi kumi na minane, dozi ya pili imempita,
kadi yake iko juu ya kabati, chini ya risiti zangu za petroli.
"Wa kumi," akasema, "unamtafuta kwa nani?"
Sikuwa na jibu.
Nilisogeza mkeka.

Mtaniuliza mafuta alilipa nani.
Mmoja alinipa yai. Mmoja kopo la dagaa. Mimi, dagaa!
Mbuke hakunipa kitu, na aliniangalia usoni bila deni.

Kifuniko kikatoka: tik.
Kilio kimoja kikawasha kingine mpaka cha kumi, cha mwanangu.
Nesi akainua chupa dirishani, akaikung'uta,
haikuwa na kitu,
akacheka peke yake.

Tulirudi na harufu mpya: maziwa, mkojo, spiriti.
Kwenye mteremko nikaona mtu anapanda,
mtoto mgongoni, ndala mkononi,
fundo dogo kwenye pindo la kanga.
Nyuma yetu boksi la barafu lilikwisha kufungwa.
Nikakanyaga breki.
Panda, mama, nikasema, turudi nyumbani.
Kachelewa, wakanong'ona nyuma yangu, huyu ni wa kumi na moja.

Hapana.
Huyu ndiye wa kwanza.