Bidoni Lina Mkono

Sululu ya kuazima iligonga mara tatu,
ikarudi na cheche.
Hapa Mabanga chini ni jiwe:
moto uliotembea barabarani ukachoka,
ukalala uani kwetu, ukawa mweusi.
Kiatu hakimalizi msimu.
Pilipili haina hata pa kuchomeka kidole.

Mwenye nyumba kapandisha kodi ya uwanja,
hatua sita, jiwe na yote.
Ukuta wa mbao hakuuhesabu.
Nikautazama juma zima
kama mtu anayetazama mifuko ya koti la marehemu.

Mabidoni yalikuwepo. Goma hii, nani hana bidoni?
Ya manjano, ya mafuta ya kupikia zamani,
yaliyoshuka ziwani matupu na kupanda yamejaa mgongoni
mpaka yakapasuka makalio,
na Kabuo akayatupa nyuma ya choo, akasema:
haya yamestaafu.
Nikamwambia bado.
Kinachovuja hakifai kwa maji;
kwa mizizi, kuvuja ndiyo sifa.

Kisu nikakilaza kwenye makaa, nikafungua ubavu
kama dirisha. Plastiki ilinuka, watoto wakakohoa,
jirani akauliza kama tunachoma kiatu.
Matundu matano chini, kwa msumari.
Kamba ni vipande vya mpira alivyobakiza Hangi
alipoyavisha magurudumu ya chukudu yake.
Na sketi yangu ya kitenge,
ile ya harusi ya wifi, iliyokwisha mapajani,
nikaikata, nikaishona mifuko minne.
Vitunguu vikae humo.

Udongo ndio ulionifilisi.
Hangi aliuteremsha toka Kibumba, gunia moja,
akautajia bei ya unga.
— Hangi, huu ni udongo!
— Mama Nsimire, kwenu upo?
Nikanyamaza.
Nikalipa nusu. Nusu nikaahidi kwa majani.

Safu ya kwanza niliiharibu.
Nilimwaga maji juu kabisa, kwa ndoo, kwa furaha,
udongo wote ukashuka,
lengalenga zikabaki zinaning'inia miguu wazi.
Nililia, sisemi uongo. Mtu mzima, kwa ajili ya udongo.
Nikauzoa kwa kijiko kutoka kwenye nyufa za jiwe,
punje kwa punje, kama mchele uliomwagika.

Siku hizi ni kopo la nyanya lenye vitobo,
maji ya kuoshea mchele, jioni,
polepole:
la juu linywe, lilidondoshee la pili,
la pili lilibakizie la tatu.
La chini kabisa nimetia matembele. Hayachagui.

Mwenye nyumba alikuja tarehe moja, kama kawaida yake.
Akasimama. Akahesabu misumari.
— Ukuta ni wangu.
— Ndiyo, nikasema, na kivuli chake.
Nikamkatia fungu la lengalenga.
Alilishika kama anayeshikishwa mtoto wa mtu,
akaenda nalo.
Sijui kama kodi itapanda.

Usiku ule mbingu ilikuwa nyekundu upande wa mlima.
Nyekundu ya kawaida, tulisema, tukafunga mlango.
Nsimire hakulala.
— Mama, ikibidi kukimbia tena, na bustani?

Nilitaka kumwambia bustani haikimbii.
Ya bibi yake, kule Minova, haikukimbia,
ilibaki na maharage yake
kwa watu tusiowajua.
Kisha nikakumbuka: bidoni lina mkono.
Kila tuta langu lina pa kushikia.
— Mawili wewe, mawili mimi.
Kabuo atabeba vitunguu kwenye sketi.

Akacheka, akageukia ukuta.

Nami nikatoka na tochi ya simu
kuangalia konokono.
Walikuwa watatu. Walivuka jiwe lote lile,
wakapanda mbao zote zile, kwa tumbo,
kufuata jani moja.
Wawili niliwatoa.
Wa tatu nilipomrudia, sikumwona.