Vipuri vya Kapya

Godeliva alileta sanduku la viatu
limefungwa kwa kamba ya katani,
akaliweka mezani kwangu, hapa Kamalondo,
kati ya redio mbili zisizo na sauti.
"Kigari cha Kapya," alisema. "Kile cha rimoti.
Ukiona kinachofaa, chukua.
Mimi nimechoka kukipangusa."
Sikuuliza zaidi.

Nililifungua usiku, umeme umekatika,
tochi nimeiuma kwa meno.
Betri zilikuwa zimetapika chumvi ya kijani,
kijani kile cha malakiti.
Bodi nyekundu, nilipoigusa tu, ikavunjika kama biskuti.
Matairi yamepasuka mithili ya visigino vya kiangazi.
Antena, kutu tupu.
Lakini nilipozungusha ekseli ya nyuma kwa kidole
giya zikaitikia.
Miaka thelathini na minane gizani
na meno yote yapo!
Mimi mwenye mswaki nimebakiza ishirini na moja.

Kesho yake akaja Musenge, yule mkusanyaji,
mwenye kabati la kioo na kitambaa chake cha kufutia.
"Usikikate! Cha zamani huachwa kizima.
Ukitoa skrubu moja umekiua."
Nikamwambia, Musenge, hicho kizima kiko wapi?
Kwako ni makaburini, pamefagiliwa vizuri.
Kwangu ni hospitali,
na hospitali zetu unazijua: damu huombwa kwa ndugu.
Akanywa chai yangu, akaondoka
na bisibisi yangu ndogo. Hadi leo.

Wiki tatu.
Chesisi niliikata kwenye mlango wa friji.
Kichwa cha lori, kopo la maziwa ya unga;
tela, kidebe cha mafuta ya kula,
maandishi nimeyaacha, yanasomeka kichwa chini.
Springi nne za Kapya zikabebeshwa mzigo
ambao hazikuumbiwa, zikainama, zikakubali.
Magurudumu ni soli za kandambili,
kulia buluu, kushoto waridi,
kwa sababu ndizo zilizokuwapo.
Servo ilitetemeka kama mkono wa mlevi alfajiri;
nikaiosha kwa petroli na unyoya wa kuku,
ikatulia nusu.
Mota nikaisuka upya kwa waya wa shaba.
Shaba hapa hatukosi. Tunachokosa ni bei yake.

Kristali ya redio nikaiacha ileile ya kale,
na hapo ndipo nilipokosea.
Jumapili, rimoti imo mfukoni mwangu,
lori likaondoka lenyewe,
likapenya kati ya miguu ya wateja, likashika njia.
Deodata, binti yangu, alicheka hadi akakaa chini:
"Baba, nani anaendesha?"
Baadaye tukang'amua: ni walinzi wa ghala la jirani.
Kila waliposema "sikia, sikia" kwenye simu yao ya upepo,
kwetu ilikuwa amri ya kwenda mbele.

Alhamisi Godeliva alipita, unga wa bukari begani.
"Na hilo kopo," aliuliza, "linakwenda wapi?"
Hakulitambua. Lingetambulikaje?
Nikalizungusha uani, limebeba vipande vya mawe meusi
ya lile lundo la kiwandani,
jambo la kujigamba tu, aone nguvu zake.

Akatua unga.
Akageuza sikio.
"Ngoja. Rudisha."
Nikarudisha.
"Kinalia upande wa kushoto," alisema.
"Kapya alikuwa akikigombeza hapohapo, kila Jumamosi:
nyamaza, bwana, watu wamelala."

Akapokea rimoti. Hakubonyeza kitu.
Akanirudishia, akajitwisha unga wake,
akafuata ukuta hadi kona.

Nilikuwa nimenunua grisi, kopo zima,
kwa ajili ya giya ileile.
Nimempa fundi baiskeli.