Hoja ya Ukaguzi Namba Saba

Mkaguzi ameandika kwa wino mwekundu:
"Malipo ya shilingi laki mbili na arobaini,
wachezaji sita, hayana majina, hayana saini.
Mkurugenzi atoe maelezo."

Maelezo ninayo, Bwana Kasambala,
ila hayaenei kwenye kisanduku ulichonichorea.

Ofisi yetu uliiona: chumba kimoja
nyuma ya ghala la korosho, Newala,
bati linalia upepo ukipanda kutoka bondeni,
kabati limefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Ndani mna kibali cha magogo mawili ya mpingo,
mna stakabadhi za maji, ndoo kwa ndoo,
maana huku juu maji tunayapima kama sukari,
na daftari la vikao, ambamo Benedikta Likwata
huandika hata nani alikohoa.
Patasi tatu za Mzee Nampoto zimo kwenye rejista.
Tezo la marehemu Chilumba limo,
mbele yake nimeandika "chakavu",
na siku ile sikula mchana.
Sisi si wazembe wa karatasi.

Lakini hao sita.

Walitokea upande wa mikorosho
na vichwa vya mti vyenye nywele za watu,
nguo imewabana mpaka vidoleni, njuga zinatangulia.
Watoto wakakimbia, wakarudi, wakakimbia.
Hakuna aliyesema yule ni fulani.
Kwetu lipiko si mtu aliyevaa sura.
Ametoka huko walikokwenda wafu,
kaja mara moja kutazama kama bado tunajua kupiga ngoma.
Bibi yangu alizaa tisa, akazika wanne, akazikwa,
hakuwahi kutamka nani yumo ndani.

Nimwendee vipi, mimi mwanamke, na kalamu mkononi?
"Samahani, mzimu, jina la ukoo?
Namba ya kitambulisho?
Simu imesajiliwa kwa jina lako mwenyewe?"

Aya inayofuata naiandika kwa penseli.

Wa tatu kutoka kushoto aliporuka
nguo ilipanda kidogo kifundoni
nikaona kovu.
Kovu hilo nililiosha mimi kwa maji ya chumvi
mwaka tulioletewa jembe jipya,
kaka yangu kang'ata kanga ya mama asilie.
Nikageuza macho.
Nikapiga vigelegele kuliko wote uwanjani.
Usiku akaja kwangu kula ugali wa muhogo,
akauliza, kama mtu aliyeshinda shambani,
"Eti, wamecheza vizuri?"
"Vizuri. Hasa wa tatu."
Akaomba aongezwe mboga.

Wafadhili huita kazi hii uongozi.
Huuliza tumewafikia walengwa wangapi,
wanawake wangapi, vijana wangapi, nami najaza.
Ila nina daftari mbili kichwani:
ya ninayoyajua,
na ya nisiyopaswa kuyajua,
na mshahara wangu, miezi unapokuwepo,
ni wa kuzuia zisikutane.

Fedha nilimkabidhi Sixtus Mnalihinga, mkono kwa mkono.
Akaingia nazo kule nisikofika,
akatoka mikono mitupu.
Saini yake unayo. Ni moja. Ilibeba sita.

Kama haitoshi, andika nizirudishe.
Nina mikorosho kumi na minne,
mnada wa kwanza ukienda vizuri nitalipa,
usipoenda vizuri nitalipa polepole.
Lakini safu ya majina usiipige mstari.
Usiandike "haihusiki". Inahusika.
Iache nyeupe hivyo hivyo,
na mkaguzi wa mwaka kesho naye aulize.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Rainfrida Chitanda, Mkurugenzi.
Viambatisho: hakuna.

Saa sita usiku. Umeme umekatika.
Napapasa mezani, natafuta kifutio.